Mkato Uliomezwa na Mashine

Jumatatu, 3 Machi

Leo nusura nimpe mtoto sumu kwa mkono wangu mwenyewe.

Dirisha la dawa lilikuwa limejaa watu. Cheti kikatoka kwenye printa, nikasoma dozi, nikashusha chupa ya dawa ya homa, nikaanza kubandika lebo. Nikainua macho nimwite mgonjwa – mama kijana, mtoto kamlalia begani, mdogo hivi, soksi moja imechomoka. Nikauliza, hii dawa ni ya nani? Akasema, ya huyu hapa. Nikatazama cheti tena. Uzito: kilo 75.

Kilo sabini na tano! Mtoto mwenyewe hafikii hata uzito wa kapu langu la sokoni.

Nikairudisha chupa rafuni, nikamwomba mama asubiri kidogo. Programu ya kompyuta ya zahanati ilikuwa imepiga hesabu ya dozi vizuri kabisa – ya mtu mzima mnene. Haikupiga hata chafya ya kuonya.

Na aliyempima ni wifi yangu. Wauguzi wote walivyojaa kwenye zahanati hii, ikawa lazima awe dada wa mume wangu! Mganga Mkuu akatuita wote wawili. Wifi akaapa: "Niliandika saba na nusu. Saba, mkato, tano. Siumwi macho mimi." Muuguzi Mkuu akawa anatikisa kichwa, Katibu anachapa kila neno. Mwisho wifi akaambiwa aende nyumbani akapumzike mpaka kamati ikae. Akapumzike! Neno laini la kumtoa mtu kazini.

Alipopita karibu yangu aliniangalia. Nayajua macho yale. Anadhani nimemchongea.

Na mimi – humu ndani hasomi mtu, acha niseme – nadhani alikuwa kwenye simu. Ana tabia ya kupima watoto huku simu kaibana kati ya sikio na bega.

Jumanne, 4 Machi

Nyumba imenuna. Mume wangu kaniwekea chai mbele yangu. Baadaye sana ndipo akasema dada yake analia, hali chakula. Nikasema mimi nimesoma kilichoandikwa kwenye cheti. "Si ungenipigia kwanza?" Nimpigie yeye kwanza, mgonjwa yuko dirishani! Kaingia chumbani kusahihisha mitihani ya wanafunzi wake. Mlango kaufunga polepole. Afadhali angeubamiza.

Mama mkwe kapiga simu. Sikupokea. Najua atakalosema, na najua atalisema kwa upole, ndiyo maana sikupokea.

Jumatano, 5 Machi

Nimeingia chumba cha mizani kabla wagonjwa hawajafika. Nilitaka kuona tu. Sijui nilitaka kuona nini – labda nijithibitishie kwamba ni simu.

Kompyuta ile ni ya msaada, ilikuja kutoka nje pamoja na nyingine. Kibodi yake si kama yangu. Pembeni ya sifuri, pale ambapo mimi nina nukta, kuna mkato. Nikafungua kadi ya majaribio, nikaandika 7,5. Kwenye skrini ikakaa vizuri, 7,5. Nikabonyeza hifadhi.

75.

Nikarudia. 75. Nikaandika 9,2 – ikawa 92. Mkato unamezwa! Programu haiulizi, haionyi, inameza tu. Nywele zilinisimama. Wifi alisema kweli neno kwa neno, na mimi siku mbili nimekaa namwazia simu.

Nikakimbia kumwita Muuguzi Mkuu aje aone. Alikuwa kwenye wodi ya wazazi, nikangoja. Tuliporudi tukamkuta fundi wetu wa kompyuta kainama kwenye meza ileile. Akasema, "Nimeambiwa kibodi inasumbua, dada. Nimeshairekebisha." Nikaandika 7 na kile kitufe na 5. Ikatoka nukta. Ikahifadhi 7.5, safi, kama malaika.

Muuguzi Mkuu akaniangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini bila sababu. Akaondoka.

Nani alimwambia fundi kwamba kibodi inasumbua? Nimemuuliza. "Mtu tu." Mtu gani? "Dada, nina printa mbili zimekwama." Ni yeye aliyezifunga kompyuta zote hizi zilipokuja. Na leo, siku hii, asubuhi hii, ndiyo kakumbuka kibodi!

Alhamisi, 6 Machi

Sina ushahidi tena. Nina mdomo tu, na mdomo wangu ni wa mke wa kaka yake mtuhumiwa.

Lakini programu yetu ni huria. Haikununuliwa, haina kampuni. Imeandikwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni, yeyote anaweza kuusoma, kulalamika, au kuleta kiraka cha kuziba tundu. Nilisoma mambo ya programu mwaka mmoja kabla ya kuhamia famasi. Sijasahau yote.

Saa ya chakula nimeandika ripoti ya hitilafu. Wana utaratibu wao: ulifanya nini, ulitegemea nini, kilitokea nini. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha kunyoosha na pasi. Kwamba mkato unamezwa. Kwamba mtoto alikaribia kupewa dozi ya mtu mzima. Sikutaja zahanati, sikumtaja mtu.

Jibu limekuja kabla sijafunga dirisha la dawa jioni. Ni la mtunzaji wa mradi, yule mwenye funguo, ambaye bila yeye hakuna kinachoingia kwenye programu. Maneno mawili: kwangu haitokei. Na ripoti kaifunga.

Kaifunga! Hata chai haijapoa.

Jumamosi, 8 Machi

Mtu amejitokeza!

Jina lake la mtandaoni ni herufi na namba zisizosomeka, picha yake ni bundi. Basi nimwite Bundi. Kaandika chini ya ripoti yangu iliyofungwa: kwangu inatokea. Kaeleza hatua kwa hatua, kibodi ya namna gani, mpangilio wa lugha upi. Na kiraka kakileta palepale, tayari kimeshonwa.

Nimeruka kwenye kiti. Nimemwonyesha mume wangu, naye kwa mara ya kwanza wiki hii kanijibu sentensi nzima. Akasema, mpigie dada umwambie. Nikasema ngoja kwanza.

Kwa nini nimesema ngoja? Kwa sababu nimebonyeza jina la Bundi kuona kafanya nini kingine kwenye mradi. Hakuna. Akaunti imefunguliwa wiki hiihii. Nani anafungua akaunti ili aje kuokoa ripoti ya mtu asiyemjua?

Kisha kaniandikia pembeni, faragha. Toleo gani tunatumia? Nani anasimamia kompyuta zetu? Tuna nakala ya akiba ya kumbukumbu? Maswali ya daktari – au ya mwizi anayeuliza mnalala saa ngapi. Sijamjibu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimechapa ukurasa ule nikampelekea Mganga Mkuu. Kavaa miwani, kasoma mpaka mwisho. "Mwenye programu anasema haipo. Anayesema ipo ni huyu hapa." Kaweka kidole juu ya picha. "Huyu nani?" Nikasema ni mtaalamu. Aliyesema ni mtaalamu ni mimi peke yangu, hakuna mwingine. "Kwa hiyo shahidi wa wifi yako ni bundi."

Fundi alikuwa pale anabadilisha wino wa printa. Kacheka. Katibu hakucheka, kaendelea na barua zake.

Mganga Mkuu si mtu mbaya. Kasema nimletee neno la wenye programu wenyewe, kamati inakaa Jumanne ijayo. Bila hivyo, wifi anaandikiwa uzembe. Muuguzi aliyeandikiwa uzembe wa dozi ya mtoto hapati kazi popote, hata ya kufunga bendeji.

Jumanne, 11 Machi

Nimekisoma kiraka cha Bundi, mstari kwa mstari.

Sehemu ya kwanza ni nzuri: mkato unageuzwa nukta kabla ya kuhifadhiwa. Ningeandika hivyohivyo. Lakini kuna sehemu ya pili ambayo hakuitaja popote! Kila kinachochapwa kwenye kadi ya mgonjwa, kitufe kwa kitufe, kinaandikwa kwenye faili la pembeni, pamoja na jina la mhudumu aliyekaa kwenye kompyuta. Majina ya wagonjwa, uzito, magonjwa, vyote humo.

Nimemuuliza hadharani, chini ya ripoti: sehemu hii ya nini?

Kajibu haraka. Ni ili siku nyingine ijulikane mhudumu alichapa nini hasa, ili asisimamishwe tena muuguzi kazi kwa kosa la mashine.

Nimeisoma mara nyingi mpaka maneno yakawa kama wadudu. Asisimamishwe *tena*. Muuguzi.

Mimi sikuandika muuguzi. Sikuandika kwamba kuna mtu kasimamishwa. Nimerudi kwenye ripoti yangu nikaipekua neno kwa neno kama natafuta sindano. Hakuna!

Bundi yuko hapahapa.

Jumatano, 12 Machi

Siku nzima naangalia watu vidole. Nani anachapa haraka. Nani anageuza skrini nikipita.

Fundi – ndiye wa kwanza. Anajua kompyuta, alifuta ushahidi, na sasa dhamiri inamsumbua. Au hana dhamiri, anataka faili lile lenye majina ya wagonjwa akaliuze.

Wifi – hajui msimbo. Lakini ana rafiki, na rafiki ana rafiki. Kama Bundi katumwa na wifi, basi mtuhumiwa kajitolea ushahidi mwenyewe, na mimi ndiye niliyeupeleka kwa Mganga Mkuu kwa mikono miwili!

Mume wangu – anafundisha hesabu. Jana nilimkuta kakaa mbele ya kompyuta yake, akaifunga nilipoingia. Nikamuuliza ulikuwa unafanya nini? "Naangalia mpira." Mpira haukuwepo jana. Niliuliza kwa jirani.

Ndiyo, nimefikia hapo. Nauliza majirani kama jana kulikuwa na mpira.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeamua. Bundi awe nani sijui, kitakachosemwa kwenye kamati kitoke kwenye mkono wangu.

Mume wangu kanipa kompyuta yake bila kuuliza (kwa hiyo si yeye? au ameshafuta?). Nikaipakia programu, nikabadilisha mpangilio wa kibodi uwe wa ile lugha ya kompyuta za msaada, nikamwambia anishikie simu anirekodi. 7,5 – hifadhi – 75. Alipoona, mume wangu karibu adondoshe simu. Kwenye video anasikika: "Mungu wangu, dada yangu!" Sikuikata sauti. Mtunzaji hatajua maana yake, lakini ataisikia.

Nimeituma. Nikamwandikia, kwa adabu, kwamba kabla hajafunga tena naomba aangalie mpaka mwisho.

Ijumaa, 14 Machi

Mtunzaji kaifungua ripoti! Kaomba radhi. Anasema anautunza mradi huu peke yake baada ya kazi, ripoti zinamiminika, nyingi za ovyo, na kwamba alijaribu kwenye kibodi yake mwenyewe tu. Kathibitisha kwa jina lake: hitilafu ipo.

Nimelia kidogo chooni. Kidogo tu, wagonjwa walikuwa foleni.

Kiraka cha Bundi kakikataa. Anasema hapokei kitu kinachoandika majina ya wagonjwa kisirisiri, na hamjui aliyekileta. Kaniuliza kama mimi naweza kuleta kisafi. Mimi!

Lakini kaongeza kitu. Kwamba maelekezo ya kufunga programu yanamtaka fundi achague nukta au mkato kwenye kila kompyuta, na kwetu inaelekea hatua hiyo ilirukwa. Sentensi moja, mwisho kabisa. Nimeisoma nikamkumbuka fundi.

Jumamosi, 15 Machi

Kiraka cha kwanza: kimerudishwa. Niliweka mambo mawili pamoja, anataka kila moja peke yake. Cha pili: kimerudishwa. Hakina jaribio la kuthibitisha kwamba kinafanya kazi. Nilikasirika, nikafua nguo zote za nyumba hii, hata zilizokuwa safi, kisha nikarudi.

Cha tatu: kimepokelewa. Mkato unageuka nukta. Na kingine pembeni yake: uzito usiolingana na umri, programu inasimama na kuuliza, una hakika? Sasa itapiga chafya.

Jina langu liko kwenye orodha ya waliochangia. Nimelitazama kama mtu anayejitazama kwenye picha ya harusi ya wengine.

Bundi kaandika chini yake: hongera. Umeondoa sehemu iliyokuwa muhimu kuliko zote, utakuja kunikumbuka.

Hii ni pongezi au ni nini?

Jumapili, 16 Machi

Wifi kaja. Kakaa ukingoni mwa kochi, mkoba kifuani, kama mtu aliyekuja kudai. Nikamwekea video. Aliposikia sauti ya kaka yake akaziba mdomo kwa kiganja.

Akauliza, "Kwa hiyo ulikuwa unaniamini, wifi?"

Nikasema kunywa chai itapoa.

Akaelewa. Si mjinga. Akanywa. Baadaye akasema, hata yeye alidhani mimi ndiye niliyebadilisha cheti, maana siku zote naona hafai. Tukatazamana, tukacheka kicheko kibaya, cha watu waliofumaniana. Nikamuuliza Bundi ni nani. "Nilikuja nikijua utaniambia wewe."

Uso wake haukubadilika. Au ulibadilika kidogo. Mwanga wa dirishani ulikuwa nyuma yake.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi hajaongea na mimi leo. Kapita dirisha la dawa kama anapita ukuta. Nimesikia ameitwa na yeye kwenye kamati.

Jumanne, 18 Machi

Naandika kwenye benchi la korido. Nimetolewa nje nikafikiri.

Ndani tulikuwa wanne: Mganga Mkuu, Muuguzi Mkuu, Katibu na mimi. Nimeonyesha video. Nimesoma neno la mtunzaji. Muuguzi Mkuu kapumua kwa sauti, kasema nimwambie wifi arudi kazini hata kesho. Nikadhani tumemaliza! Lakini Mganga Mkuu alikuwa bado anasoma, akafika kwenye ile sentensi ya mwisho. "Kwa hiyo kosa ni la aliyezifunga kompyuta." Akavua miwani. "Na kompyuta ile, baada ya tukio, kuna mtu uliyemwona akiigusa?"

Nikasema naomba nifikiri. Akasema, nenda nje unywe maji, urudi na jibu.

Fundi yuko hapa kwenye benchi, kikombe cha chai kakishika kwa mikono miwili. Ndiye aliyeanza, kwa sauti ya chini: "Dada, sikukatalii. Nilipouona ule mkato nilijua nimekwisha, nikabadilisha. Niliogopa. Lakini nieleze tu kitu kimoja. Kwa nini ulijitungia yule Bundi?"

Mimi!

"Zahanati nzima inajua ni wewe."

Nikamwambia, nilidhani ni wewe. Akanitazama mpaka akaona sina utani. "Mimi wa nyaya na printa, dada. Msimbo nitautoa wapi?"

Simu ikatetemeka. Bundi, pembeni, faragha. Nikamtazama fundi – mikono yote miwili bado iko kwenye kikombe. Nikafungua.

*Usimtaje fundi. Nitalisema mwenyewe.*

Kwa Kiswahili. Siku zote aliniandikia Kiingereza.

Habari ya kumtaja au kutomtaja fundi imezuka sasa hivi, ndani ya chumba kile, mlango ukiwa umefungwa. Mimi nimetoka. Ndani wamebaki watatu.

Mlango unafunguliwa. Ni Katibu. Simu iko mkononi mwake, skrini bado inawaka. Anasema niingie, wananisubiri, na kwenye skrini ile naona picha ya bundi.